Pauni Ikianguka, London Inapanda

Alhamisi ya tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kuamua kama wabaki ndani ya Umoja wa Ulaya au watoke. Vituo vya kura vilipofungwa saa nne usiku, wafanyabiashara wa fedha walikuwa wameshajiaminisha kuwa upande wa kubaki umeshinda, na pauni moja ikapanda mpaka kugusa dola 1.50. Kisha yakaingia matokeo ya mji wa Sunderland, ambako waliotaka kutoka walishinda kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Kufika alfajiri pauni ilikuwa chini ya dola 1.33, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1985. Saa mbili asubuhi soko la hisa la London likafunguliwa, na fahirisi yake kuu, FTSE 100, ambayo wenyewe huiita Footsie, ikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 8 ndani ya dakika chache.

Mpaka hapo kila mtu alielewa kinachoendelea. Nchi imetikisika, na soko nalo limetikisika. Kilichofuata ndicho kilichowachanganya wengi. Jioni ya Ijumaa ile Footsie ilifunga ikiwa imepoteza asilimia 3 na ushei tu. Jumatano iliyofuata, tarehe 29, ikafunga juu ya pale ilipokuwa kabla ya kura. Waziri Mkuu David Cameron ameshatangaza kujiuzulu, chama cha Labour kinagombana chenyewe kwa chenyewe, hakuna anayejua mkataba mpya na Ulaya utaandikwaje, na namba ya soko iko juu! Wapo waliosimama na kusema: mnaona, soko limeubariki uamuzi wa wananchi.

Soko halikuwa limebariki kitu. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kila jioni redio zetu, hapa Afrika Mashariki na hata zile za Kiswahili zinazotangaza kutoka ng'ambo, huisoma namba hii mwishoni mwa habari: London imepanda kwa asilimia fulani, London imeshuka. Msikilizaji anaondoka akidhani amepewa habari za hali ya Uingereza. Kwa sehemu kubwa amepewa habari za mafuta, shaba, dawa, sigara na benki za Hong Kong, zilizohesabiwa kwa pauni.

Tuanze na kilichomo ndani yake. Footsie ilianzishwa tarehe 3 Januari 1984 ikiwa na pointi 1,000. Humo mna kampuni 100 kubwa zilizoandikishwa katika soko la London, na ukubwa hapa ni thamani ya hisa zake sokoni, yaani bei ya hisa moja mara idadi ya hisa zake. Kampuni hizo hazilingani sauti. Kumi za juu peke yake hubeba karibu nusu ya uzito wote. AstraZeneca ya dawa, Shell ya mafuta, HSBC ya benki, Unilever ya sabuni na vyakula: mojawapo ya hizo ikipiga chafya, fahirisi nzima inapata mafua. Kampuni ya themanini au ya tisini inaweza kupoteza robo ya thamani yake mchana kutwa na namba ya jioni isionyeshe lolote.

Sasa hebu tazama kampuni hizo kubwa zinakopatia fedha zake. Zimeandikishwa London, sawa, lakini inakadiriwa kwamba karibu robo tatu ya mapato ya kampuni zote 100 hutoka nje ya Uingereza. HSBC ilianzishwa Hong Kong mwaka 1865 na mpaka leo sehemu kubwa ya faida yake inatoka Asia. Shell, AstraZeneca na HSBC huandika hata hesabu zao kwa dola. Antofagasta inachimba shaba nchini Chile. Fresnillo inachimba fedha na dhahabu nchini Mexico. Duka la mboga la mtaani Birmingham halimo, wala kiwanda kidogo cha vipuri cha Sheffield.

Hapo ndipo pauni inapoingia, na ndugu zangu mnaopokea fedha kutoka ng'ambo mtalielewa hili upesi kuliko wachumi. Tuseme una kaka yako Leicester ambaye kila mwezi anamtumia mama pauni 100 Moshi. Pauni ikiwa shilingi 3,000, mama anapokea shilingi laki tatu. Shilingi ikidhoofika na pauni ikafika 3,500, mama anapokea laki tatu na nusu. Kaka hakupandishwa mshahara. Mama kwenye daftari lake ameandika ongezeko, na ongezeko hilo limetokana na udhoofu wa fedha ya nchi yake mwenyewe. Kampuni za Footsie ziko katika nafasi ya mama huyo. Kampuni iliyopata dola milioni 150 wakati pauni ni dola 1.50 inaandika pauni milioni 100. Pauni ikishuka hadi dola 1.32, dola zile zile zinakuwa pauni milioni 113 na zaidi. Mwekezaji analijua hilo kabla hata hesabu hazijatoka, kwa hiyo anainunua hisa asubuhi ile ile.

Ndiyo maana siku ile ya Juni 2016 ndani ya Footsie yenyewe kulikuwa na masoko mawili yakienda pande mbili. Kampuni za kujenga nyumba kama Persimmon, Barratt na Taylor Wimpey, ambazo wateja wao ni Waingereza wanaokopa benki ili wapate paa la kulala, zilipoteza zaidi ya robo au karibu robo ya thamani yake kwa siku moja. Benki ya Lloyds, iliyojikita nyumbani, ilianguka kwa takriban asilimia 20. Na kampuni iliyopanda kuliko karibu zote? Randgold Resources, iliyokuwa ikichimba dhahabu nchini Mali na Ivory Coast, na kuendesha mgodi wa Kibali katika jimbo la Haut-Uélé, kaskazini mashariki mwa Kongo. Dunia ilipoingiwa hofu, watu walikimbilia dhahabu, na hisa ya Randgold ikapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Fikiria: dhahabu ya Haut-Uélé ndiyo iliyokuwa ikisaidia kuizuia namba ya London isizame, siku ambayo mjenzi wa nyumba za Uingereza alikuwa hana pa kushika.

Kwa anayetaka kujua soko lilisema nini hasa kuhusu Uingereza wiki ile, kulikuwa na fahirisi nyingine ya kutazama. Inaitwa FTSE 250, nayo hubeba kampuni 250 zinazofuata kwa ukubwa baada ya zile 100. Nyingi kati ya hizo zinauza nyumbani zaidi. Ijumaa ilianguka kwa zaidi ya asilimia 7, na Jumatatu ikaanguka tena kwa kiasi cha karibu hivyo hivyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya uchumi wa Uingereza. Watangazaji wengi hawakuisoma.

Nisieleweke vibaya. Pauni haiamui kila kitu, na anayesema pauni ikipanda lazima Footsie ishuke atakuja kuumbuka. Mwaka 2025 pauni iliimarika dhidi ya dola na bado Footsie ilipanda kwa zaidi ya asilimia 20, kwa sababu bei ya dhahabu na fedha ilikwenda juu mno, benki zilipata faida nene, na nchi za Ulaya zikaamua kutumia zaidi kwenye silaha, jambo lililozinufaisha kampuni kama BAE Systems na Babcock. Fresnillo, ile ya Mexico, thamani ya hisa yake mwaka huo iliongezeka zaidi ya mara nne. Pauni ni upepo. Mizigo iliyomo ndani ina uzito wake.

Mmoja wa mizigo mizito kwa miaka mingi umekuwa kile kinachochimbwa ardhini. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na bei za mafuta na gesi zikaruka, Shell na BP zilivuna faida ambayo hazikuwahi kuiona. Soko la Marekani mwaka ule lilipoteza karibu asilimia 19 kwa kipimo cha S&P 500, lakini Footsie ilimaliza mwaka ikiwa imeongezeka kidogo, chini ya asilimia moja. Wakati huo huo mama wa Manchester alikuwa akichagua awashe kipasha joto au apike, kwa sababu bili ya gesi ilikuwa imepanda kupita uwezo wake. Bili iliyomuumiza na faida iliyoinua fahirisi zilitoka katika bei moja. Mwenye kuisoma namba bila kumtaja mama huyo ameacha nusu ya habari.

Upande wa madini, China ndiyo mnunuzi anayesikilizwa. Takwimu za viwanda vya China zikitoka mbaya usiku, asubuhi London inaamka ikiwa na huzuni, kwani Rio Tinto, Anglo American, Antofagasta na Glencore zote zinauza huko madini ya chuma au shaba. Tarehe 28 Septemba 2015, wakati bei ya shaba imelegea na watu wanahofia madeni ya Glencore, hisa yake ilianguka kwa asilimia 29 kwa siku moja tu.

Na Glencore si jina la mbali kwetu. Wasikilizaji wetu wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, wanaijua kwa majina ya migodi: Kamoto na Mutanda. Sehemu ya shaba na kobalti ya ukanda ule hupandishwa kwenye malori, yanavuka Kasumbalesa, yanaikata Zambia mpaka Nakonde na Tunduma, halafu yanashuka hadi bandari ya Dar es Salaam. Dereva anayelala siku kadhaa kwenye foleni ya Tunduma amebeba bidhaa ambayo bei yake inasomwa London kila siku ya kazi. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, kisha baadaye mwaka huo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa. Uamuzi wa Kinshasa, mgodi wa Kolwezi, hisa ya London: mnyororo huo upo, na Footsie ni pete yake ya mwisho.

Watanzania wanakumbuka mfano mwingine. Machi 2017 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha makanikia, yaani mchanga wenye madini, kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ilikuwa imeandikishwa London, na hisa yake ikaporomoka vibaya. Lakini Footsie haikutikisika hata kidogo. Acacia wakati huo haikuwa katika ile 100. Ilikuwa katika 250. Jambo linaweza kuwa kubwa kiasi cha kujaza magazeti ya Dar es Salaam mwaka mzima, na fahirisi isilijue kabisa.

Kuhusu riba nitapita haraka, kwa sababu ndiyo inayosemwa kila siku. Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Uingereza ina wajumbe tisa, hukutana mara nane kwa mwaka na kutangaza uamuzi saa sita mchana. Kutoka Desemba 2021 hadi Agosti 2023 riba ilipandishwa kutoka asilimia 0.1 mpaka asilimia 5.25. Riba ikipanda, benki zinapata zaidi kwa kila mkopo, na wajenzi wa nyumba wanalia kwa sababu wanunuzi wamekimbia. Kwa kuwa benki ni nzito ndani ya Footsie na wajenzi ni wepesi, uamuzi unaomkaba mwenye mkopo wa nyumba unaweza kuonekana jioni kama habari njema. Riba ya Marekani nayo ina nguvu pengine kuliko hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua dola itakwenda wapi, na dola ndiyo fedha ya kampuni hizi.

Liko jambo dogo la kiufundi ambalo huwa halielezwi, nami naliona muhimu: gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa. Kampuni ikitangaza gawio, kuna siku hisa huanza kuuzwa bila haki ya kulipwa gawio hilo, na mnunuzi mwenye akili hawezi kulipa bei ile ile. London siku hiyo huwa Alhamisi. Kampuni mbili tatu kubwa zikiangukia Alhamisi moja, Footsie hupoteza pointi kadhaa asubuhi bila habari yoyote mbaya duniani, kwa kuwa fahirisi inayosomwa redioni huhesabu bei za hisa tu na kuyaacha magawio nje. Fahirisi ya Wajerumani, DAX, ile inayotangazwa kila siku, inayahesabu magawio kana kwamba yamenunuliwa hisa upya. Kwa hiyo anayelinganisha Frankfurt na London kwa kutazama namba hizo mbili miaka 20 nyuma anailaumu London isivyo haki.

Tofauti hiyo si ndogo. Footsie ilifunga tarehe 30 Desemba 1999 ikiwa na pointi 6,930, wakati dunia nzima imelewa hisa za kampuni za intaneti. Haikuipita namba hiyo kwa kufunga mpaka Februari 2015. Miaka 15! Aliyeitazama namba tu angesema fedha zililala usingizi miaka yote hiyo. Aliyekuwa akipokea magawio na kununua nayo hisa nyingine alikuwa ameshapata faida ya kueleweka, kwa sababu kampuni za London, tofauti na nyingi za Marekani, zina desturi ya kugawa fedha nyingi kwa wanahisa. Ubaya wake ni kutegemea wachache. Aprili 2010 kisima cha BP kilipolipuka katika Ghuba ya Mexico na wafanyakazi 11 kufa, BP ilisimamisha magawio, na Waingereza wakagundua kuwa karibu pauni moja katika kila saba za magawio ya Footsie ilikuwa ikitoka kwa kampuni hiyo moja. Wastaafu ambao hawajawahi kuona mtambo wa mafuta waliguswa na mlipuko wa Ghuba ya Mexico.

Halafu kuna siku ambazo hakuna kati ya haya yote linalofaa kitu. Oktoba 1987 dhoruba iliangusha miti kusini mwa Uingereza usiku wa kuamkia Ijumaa, na madalali wengi wakashindwa kufika kazini. Jumatatu na Jumanne zilizofuata Footsie ikapoteza asilimia 10.8, kisha 12.2, kwa wimbi lililoizunguka dunia nzima. Tarehe 12 Machi 2020, korona ilipoanza kufunga nchi, ikapoteza karibu asilimia 11. Aprili 2025 ushuru wa Rais Trump uliifanya ianguke kwa karibu asilimia 5 kwa siku moja. Siku kama hizo mwenye shaba na mwenye dawa wanauza pamoja, na London huifuata New York.

Orodha yenyewe nayo haitulii. Kila Machi, Juni, Septemba na Desemba hupangwa upya: kampuni iliyopanda hadi nafasi ya 90 inaingia moja kwa moja, iliyoshuka mpaka ya 111 inatoka. Mwanzoni mwa 2022 iliingia Airtel Africa, mtandao ambao wengi wenu mnausikilizia matangazo haya kwa simu, iwe ni Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda au Kongo. Mwaka uliofuata Nigeria iliiachia sarafu yake, naira, ishuke, na kampuni hiyo, licha ya kuongeza wateja, ikaandika hasara kwa mwaka wake wa fedha ulioishia Machi 2024. Kwa upande mwingine, CRH ya vifaa vya ujenzi na Flutter ya michezo ya kubahatisha zimehamishia uandikishaji wao mkuu New York. Anayesema Footsie ya leo imeipita ya mwaka 1999 analinganisha vikundi viwili vya kampuni ambavyo vimebadilika sana.

Nimalizie na ndugu zetu walioko Uingereza, wauguzi, walezi wa wazee, madereva wa mabasi. Sheria ya huko inamtaka mwajiri amwandikishe mfanyakazi mwenye miaka 22 na ambaye hajafikia umri wa pensheni ya serikali, anayepata zaidi ya pauni 10,000 kwa mwaka kwenye kazi hiyo, katika mfuko wa pensheni. Mchango wa chini ni asilimia 8 ya sehemu ya mshahara inayohesabiwa, na angalau 3 kati ya hizo hutolewa na mwajiri. Wengi hawakuchagua fedha ziwekezwe wapi. Ziko katika mfuko wa kawaida ambao mara nyingi umejaa hisa za dunia nzima, huku za Marekani zikiwa nyingi na za Uingereza zikiwa sehemu ndogo. Kwa hiyo usiku unaposikia London imepanda, usishangae akaunti yako isiposogea. Omba maelezo ya mfuko, yapo kwenye tovuti yake na ni haki yako, utazame ni asilimia ngapi iko katika nchi gani, na kama umekingwa dhidi ya mabadiliko ya dola. Usipokingwa, pauni ikiimarika, thamani ya hisa zako za Marekani inaweza kupungua ikihesabiwa kwa pauni, hata kama New York imefunga ikiwa juu.